Mkono wa kulia, koo na umeme: jibu kwa mpiga gitaa wa Katuba anayetaka kuimba hevi metali

SWALI: Mukubwa, niko na miaka 22, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Napiga gitaa kanisani mwaka wa sita sasa. Mimi na wenzangu watatu tumeanzisha kikundi cha hevi metali, lakini mwimbaji wetu amepata kazi Kolwezi, na wenzangu wanataka niimbe mimi huku napiga. Nikifungua mdomo, mkono unaufuata na rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, inavurugika. Tukifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, sauti inapotea siku tatu. James Hetfield wa Metallica anafanyaje? Ni kipaji cha kuzaliwa? Bila gitaa la bei kubwa inawezekana? Na kanisani nitalazimika kuacha?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na hilo la kipaji, maana ndilo linalokuvunja moyo bila sababu. Hetfield hakuanza akiwa mwimbaji anayepiga gitaa. Katika onyesho la kwanza la Metallica, tarehe 14 Machi 1982 mjini Anaheim, California, aliimba tu. Gitaa lilikuwa mikononi mwa Dave Mustaine peke yake. Gitaa alilichukua baadaye, kikundi kilipotaka uzito zaidi. Hata hapo hakujiona mwimbaji. Metallica ilimwendea John Bush, mwimbaji wa kikundi cha Armored Saint, kumwomba aje aimbe, naye akakataa. Kwa hiyo sauti unayoisikia kwenye albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All ya Julai 1983, ni ya kijana wa miaka 19 aliyebaki na maikrofoni kwa sababu hakupatikana mwingine. Hali yako ndiyo hiyohiyo.

Alichokuwa nacho ni msingi wa utotoni. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1963 huko Downey, California. Baba alikuwa mtu wa malori, mama mwimbaji wa opera nyepesi. Familia ilikuwa ya waumini wa Christian Science, wanaotegemea sala badala ya dawa. Mama alifariki kwa saratani Hetfield akiwa na miaka 16, na uchungu huo umejaa katika maneno aliyoandika baadaye. Lakini kwa swali lako, jambo kubwa ni kwamba alipelekwa kwenye masomo ya piano akiwa na miaka tisa. Mwenyewe amesema kuwa piano ilimzoesha mkono wa kushoto na wa kulia kufanya mambo tofauti huku mdomo ukiimba. Baada ya piano alipita kwenye ngoma za kaka yake, ndipo akafika kwenye gitaa. Mkono wake wa kulia unafikiri kama mpiga ngoma. Siri yake kubwa ni hiyo, na inafundishika.

Wala usifikiri ni siri ya Wamarekani. Uko Katanga, ardhi ya wapiga gitaa waimbaji. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba linashika besi bila kuyumba, shahada inacheza katikati ya mapigo, na sauti inapita juu ya vyote viwili kwa mwendo wake. Edouard Masengo alikuwa wa shule hiyohiyo. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, katika miji ya Copperbelt na Lusaka ya miaka ya 1970, vijana wa Zambia walipiga roki ya magitaa yenye mkwaruzo mzito, na Paul Ngozi alikuwa anaimba na kupiga gitaa kwa pamoja. Leo Gaborone, Botswana, kuna kikundi cha hevi metali cha Skinflint, ambacho Giuseppe Sbrana anaimba na kupiga. Kanuni ya wote ni ile ya gumba la Mwenda: kitu kimoja mwilini kinapaswa kujiendesha chenyewe bila kuangaliwa. Kwa Mwenda ni gumba. Kwako wewe ni kifundo cha mkono wa kulia.

Tukae kwanza hapo, kwa sababu kosa lako linaanzia hapo, si mdomoni. Unaposema mkono unafuata mdomo, maana yake mkono bado unahitaji akili yako. Hetfield anapiga sehemu kubwa ya rifu zake kwa kushuka tu, yaani pleki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, inapiga uzi ikienda chini kila mara, bila kupiga ikirudi juu. Wimbo wenyewe Master of Puppets, wa albamu ya 1986, unakwenda karibu mapigo 212 kwa dakika, noti mbili kila pigo. Piga hesabu: ni noti 424 kwa dakika, saba kila sekunde, zote za kushuka. Kwa nini ajitese hivyo? Kwa sababu pigo la kushuka na la kupanda havifanani sauti. La kushuka linaanza na uzi mnene, lina kishindo. La kupanda ni jepesi. Ukichanganya, rifu inakuwa na noti nzito na nyepesi kwa kupokezana. Ukishuka tu, kila noti ina uzito mmoja, na mwimbaji anapata ukuta ulionyooka wa kuegemea.

Ukubwa wa mwendo ndio unaoamua. Pleki isiingie ndani ya uzi zaidi ya milimita moja au mbili, na ikishapita isiende mbali; iishie karibu na uzi unaofuata na kurudi. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye kiwiko. Kiwiko kikianza kutikisika, umevuka kasi unayoiweza. Ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, uukalishe pale nyuzi zinapotoka kwenye daraja la gitaa. Ukisogea sentimita moja kuelekea shingo, noti zinakufa kabisa na kubaki mlio wa kugonga ubao. Ukirudi nyuma ya daraja, nyuzi zinapaa na kupiga kelele. Sehemu sahihi ni nyembamba, na ni lazima mkono uipate gizani. Tumia pleki ngumu ya milimita 1 au zaidi. Nyembamba inapinda, na kila kupinda ni ucheleweshaji.

Zoezi ni hili. Weka metronomu ya simu, inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 100 kwa dakika, piga uzi mnene uliozibwa kwa kiganja, noti mbili kila pigo, kushuka tu, dakika moja nzima. Pumzika dakika moja. Rudia mara tano. Ukimaliza mizunguko yote mitano bila bega kupanda na bila mkono kukaza, kesho ongeza mapigo 4. Ukikaza, rudi 4. Usiruke ngazi hata ukijisikia vizuri. Joto la uchovu kwenye msuli wa mkono wa mbele ni kawaida na linaisha ukipumzika. Ganzi, vidole kuwashwa kama vimechomwa sindano, au maumivu makali kwenye kifundo si uchovu. Hapo weka gitaa chini siku hiyo. Mustaine huyohuyo, aliyefukuzwa Metallica Aprili 1983 na kuanzisha Megadeth ambako naye aliishia kuimba kwa kukosa mwimbaji, mwaka 2002 alilala mkono wa kushoto ukiwa umebanwa kwenye kiti, na neva ikaumia hadi mkono ukashindwa kazi. Alivunja kikundi, akafanya mazoezi ya tiba kwa muda mrefu, na albamu yake iliyofuata ikatoka 2004. Neva haifanyi haraka.

Sasa kuunganisha. Usianze na kuimba. Anza na kuongea. Piga rifu yako kwa kasi ya asilimia 60 na umwombe mwenzako akuulize maswali ya kawaida: umekula nini, basi la Ruashi ni bei gani, leo ni tarehe ngapi. Jibu kwa sentensi nzima. Siku rifu isipotikisika wakati unajibu, mkono umekwisha kujitegemea. Watu wengi hawafikii hapo kwa sababu wanaona ni mchezo wa watoto, kisha wanahangaika miezi na jambo ambalo hili lingemaliza kwa wiki mbili.

Ukishaweza, sema maneno ya wimbo kwa noti moja tu, bila melodia, ukifuata mdundo. Chukua karatasi, andika mapigo 1, 2, 3, 4 na nusu zake, na chini ya kila moja andika silabi inayoangukia hapo. Ni kazi ya karatasi na ni ya lazima. Ukisikiliza Hetfield kwa makini utagundua kwamba mara nyingi haimbi kinyume cha rifu. Mistari yake ni mifupi, silabi nzito inaangukia mahali ambapo mkono unasisitiza, na pale rifu inapokuwa na vidole vingi, mdomo unanyamaza. Ametunga hivyo kwa sababu ni yeye mwenyewe atakayepiga. Wewe pia unatunga, usijitungie jela.

Na hapa ukiimba Kiswahili una kazi ya ziada na una faida. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Chukua mstari kama «Udongo unapumua». Una silabi nane: u-do-ngo-u-na-pu-mu-a, zenye mkazo kwenye «do» na «mu». Kipimo chako, yaani duru moja ya mapigo manne, kina nusu-mapigo manane, kwa hiyo utashawishika kupanga silabi moja kila nusu-pigo kuanzia pigo la 1. Jaribu usikie: «do» inaangukia nusu ya pigo la 1, neno linasikika kama la mgeni, na mkono wako unavutwa kusisitiza mahali pabaya. Hapo ndipo rifu inavurugika. Dawa ni kuanza nusu-pigo kabla ya kipimo: «u» inatangulia, «do» inatua kwenye pigo la 1, «ngo» nusu yake, «u» kwenye 2, «na» nusu yake na uivute ipite juu ya pigo la 3, «pu» kwenye nusu ya 3, «mu» kwenye 4 na «a» nusu yake. Mikazo yote miwili imekaa kwenye pigo zima, mkono na mdomo vinasema kitu kimoja, na ule mvuto juu ya pigo la 3 unakupa nafasi ya kusikia ngoma. Ukipanga nyimbo zako zote hivi, nusu ya tatizo lako itaondoka bila zoezi lolote la vidole.

Faida ni vokali. Silabi zetu zinaishia na vokali, na vokali ndiyo inayobeba sauti, konsonanti inaikata. Na Kiswahili cha Lubumbashi kinakupa zaidi: mtu wa pwani anasema «mlima», m ikiwa imefungwa midomoni, wewe unasema «mulima» na unapata vokali ya kupigia kelele. Usiuache usemi wako wa nyumbani kwa kufikiri kwamba jukwaa linataka Kiswahili cha shule. «Mutu», «mukono», «mulango» zinaimbika kwa nguvu kuliko ndugu zao.

Ukifika kwenye kasi kamili, achia akiba. Kama mkono pekee unaweza mapigo 170 kwa usafi, wimbo utakaouimba huku unapiga uweke kwenye 155. Jukwaani utakimbia mwenyewe, damu ikichemka.

Koo. Sauti kupotea siku tatu baada ya mazoezi mawili si kawaida ya muziki huu, ni jeraha dogo linalojirudia. Nyuzi za sauti zimevimba. Ukiendelea hivyo, zinaota vinundu. Hetfield alipita hapo: wakati wa kurekodi ile albamu ya Metallica ya 1991 inayoitwa albamu nyeusi, sauti ilimkatika kwa kuisukuma mno. Akaenda kwa mwalimu wa sauti, akapewa mazoezi ya skeli, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, kwenye piano yaliyorekodiwa kwenye kaseti, akawa anayapiga kabla ya kupanda jukwaani. Mtu aliyekuwa tayari ameuza mamilioni ya albamu alirudi kwenye do-re-mi. Usione haya kufanya hivyo nyuma ya nyumba.

Dakika 15 kabla ya mazoezi: dakika tatu za kuvuma midomo ikiwa imefungwa, chini kwa chini, tatu za kutetemesha midomo kama mtoto anayeiga gari, ukipanda na kushuka, tatu za kuteleza kutoka noti ya chini hadi ya juu na kurudi kwa «uu», laini, zilizobaki ni skeli za noti tano kwa «a» na «o», ukipanda nusu-toni kila mara, na uishie pale koo linapoanza kukaza. Hakuna kupiga kelele katika dakika hizo.

Ule mkwaruzo wa sauti usitafutwe kwenye nyuzi zenyewe za sauti. Unatoka kwenye mikunjo iliyo juu yake kidogo, inayotetemeka hewa ikipita wakati nyuzi zinaendelea kutoa noti. Namna ya kuupata bila kuumia: imba noti ya kawaida kwa nguvu ya wastani, tumbo likisukuma hewa taratibu, kisha ongeza mgumio kama mtu anayenyanyua gunia la makala (makaa). Ukisikia mwasho, kukauka au kikohozi, umekosea mahali. Acha, kunywa maji, ongea kidogo, jaribu tena kwa sauti ndogo zaidi. Mkwaruzo sahihi hauna kelele nyingi kama unavyodhani, maikrofoni ndiyo inaufanya mkubwa. Kwa mwezi wa kwanza usizidishe dakika 20 za sauti nzito kwa siku, na siku mbili kati ya mazoezi ziwe kimya. Kunong'ona si kupumzisha, kunakaza koo. Ongea kidogo kwa sauti ya kawaida, au nyamaza.

Chunguza pia mambo ya mji wetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ni kavu na vumbi jekundu limejaa. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa sababu maji ya dakika ya mwisho hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula. Tangawizi inaondoa hisia ya kukwaruza, haiponyi kitu. Moshi wa sigara na wa makala unakausha. Na ukila bukari (ugali) nzito saa nne usiku kisha ukalala, asidi ya tumbo inapanda na kuunguza koo. Asubuhi unaamka na sauti nzito na unadhani ni mazoezi. Kula masaa mawili au matatu kabla ya kulala. Sauti ikikaa na ukwaruzi zaidi ya wiki mbili au tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi kwa kioo. Usisubiri.

Sababu kubwa kuliko zote ya kupoteza sauti, hata hivyo, huenda ni chumba chenu. Mtu asiyejisikia anasukuma sauti bila kujua. Ngoma katika chumba kidogo cha matofali zinapita desibeli 100, na kwa kiwango hicho sikio linatakiwa lisikae zaidi ya dakika 15 bila kinga. Vaeni vizibo vya masikio wote. Geuza amplifaya yako: usiiweke sakafuni ikipigia miguu yako, iinue kwenye kreti au iegemeze nyuma ili ielekee sikioni, na utashangaa utakavyoipunguza. Spika ya sauti yako iwe mbele yako ikikutazama, nyuma ya maikrofoni, kwa sababu maikrofoni za kuimbia za kawaida hazisikii vizuri upande wa nyuma na hazitapiga mluzi. Usifunike kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Midomo iwe sentimita mbili hadi tano. Stendi iwe ya mkono mrefu unaokuja kutoka kando, ili shingo ya gitaa isiigonge, na kimo kiwe kile kinachoacha shingo yako wima. Kidevu kikiinuka au kushuka sana, koo linabanwa. Mkanda wa gitaa nao uanze kwenye kimo cha mkanda wa suruali. Utaushusha ukishaweza.

Jambo jingine ambalo Metallica walifanya, na linafaa sana kwako: tangu katikati ya miaka ya 1990 jukwaani wanashusha gitaa zote nusu-toni. Koo linapata nafuu na rifu inazidi uzito. Ila ukishusha nusu-toni, mvutano wa nyuzi unapungua kwa karibu asilimia 11, na pigo la kushuka lenye nguvu litazifanya zilegee na kupanda toni kila ukipiga. Kama sasa una seti ya nyuzi yenye unene wa 10 hadi 46, weka 11 hadi 50. Ndiyo vipimo anavyotumia Hetfield mwenyewe.

Nyuzi nene zinavuta shingo, kwa hiyo pima. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo) na kwenye ile ambapo shingo inaungana na mwili, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: karatasi mbili au tatu za kuchapia zipite, yaani milimita 0.2 hadi 0.3. Zikipita nyingi zaidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa kufuata mwendo wa saa, robo mzunguko tu, subiri hadi kesho, pima tena. Kikigoma, usilazimishe, chuma hicho kikikatika, shingo imekwisha. Pima upya mvua zinapoanza na kiangazi kinapoingia, maana mbao zinanywa na kutoa unyevu. Kimo cha uzi mnene kwenye freti ya 12 kiwe milimita 2. Wenye solo wanapenda chini zaidi, lakini kwa mkono wa kushuka utasikia nyuzi zinagonga freti.

Kuhusu bei: gitaa lililorekodi Kill 'Em All lilikuwa nakala ya bei ndogo ya Flying V, chapa Electra. Baadaye zikaja Gibson Explorer, ESP, vinasa sauti vya EMG (vile vinavyokaa chini ya nyuzi) na amplifaya ya Mesa/Boogie, lakini mkono ulikuwa uleule. Unachohitaji ni shingo iliyonyooka, vifungio vinavyoshika toni, na kinasa sauti cha koili mbili karibu na daraja. Ukipata gitaa lenye EMG, jua kwamba lina betri ya volti 9 ndani, na betri inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa. Chomoa kila ukimaliza. Sauti ikianza kufifia na kupasuka noti za nguvu, ni betri, usibadilishe gitaa. Kwenye amplifaya kitufe cha mkwaruzo (gain) kiwe 5 au 6 kati ya 10. Ukijaza, noti zinaungana na kazi yote ya mkono inapotea. Na usifute sauti za kati kwa kuiga rekodi. Chumbani peke yako inapendeza, ngoma zikiingia hausikiki, unaongeza sauti, na koo linalipa.

Sasa soma hili mara mbili. Katika kikundi, mtu aliye hatarini kuliko wote kwa umeme ni yule anayeimba na kupiga gitaa, kwa sababu mikono yake imeshika nyuzi zilizounganishwa na amplifaya na midomo yake inagusa maikrofoni iliyounganishwa na mixa, mashine ya kuchanganya sauti. Vifaa hivyo viwili vikiwa na ardhi tofauti (ardhi ni waya wa usalama unaopeleka umeme udongoni), au kimoja hakina kabisa, mwili wako unakuwa waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Mei 1972, kwa kugusa maikrofoni isiyo na ardhi. Nyumba zetu nyingi plagi hazina waya wa ardhi, na jenereta nyingi zimewekwa tu juu ya lami. Nunua mita ya umeme ya bei ndogo. Iweke kwenye volti za AC, kipimo cha juu, ncha moja iguse wavu wa maikrofoni na nyingine iguse nyuzi za gitaa, wewe ukiwa hujashika kitu. Isome karibu na sifuri. Ikionyesha makumi ya volti, hakuna kuimba mpaka fundi amalize. Amplifaya na mixa zitoke kwenye soketi moja yenye ardhi, na asiwepo wa kukata kile chuma cha ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Sponji juu ya maikrofoni inaongeza usalama kidogo, haitoshi peke yake.

Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani inataka volti 120. SNEL, shirika letu la umeme, inatoa 220. Soma nyuma yake kabla ya kuchomeka. Transfoma kwa amplifaya ya taa (ya valvu) ya wati 100 iwe angalau ya VA 500, kwa sababu amplifaya inakula zaidi ya inachotoa. Delestaji (mgawo wa umeme) ikikata, zima swichi papo hapo, na umeme ukirudi subiri dakika tano. Mshtuko wa kurudi ndio unaoua vifaa.

Fundisha pia mwenzako sehemu zako zote za gitaa. Mwaka 1986 Hetfield alivunjika kifundo cha mkono kwenye skateboard katikati ya ziara. Tarehe 8 Agosti 1992 huko Montreal alisimama mahali fataki za moto zinapolipuka, akaungua mkono wa kushoto. Mara zote mbili John Marshall, aliyewahi kuwa fundi wa gitaa wa Metallica, alipiga, na Hetfield akaimba tu. Baada ya Montreal alirudi jukwaani siku 17 baadaye. Bila mtu anayejua rifu, ziara ingekufa.

Muda wa mazoezi upangeni na muuheshimu. Hetfield aliporudi kutoka kwenye matibabu ya ulevi aliyoanza 2001, alifanya kazi saa nne tu kwa siku, saa sita mchana hadi saa kumi, na albamu ya 2003 ikakamilika hivyo. Ninyi saa mbili zinatosha: nusu saa rifu bila sauti, nusu saa sauti bila magitaa, saa moja pamoja.

Kanisani usiache. Kufuata kwaya inayobadilisha mwendo bila kukuonya kunaufundisha mkono wako kusikiliza, na nyimbo za taratibu ni mahali pazuri pa kuanza kuimba huku unapiga. Ila kama Jumamosi usiku mna onyesho, mwambie kiongozi wa kwaya mapema kwamba Jumapili utapiga gitaa tu, hutaimba.